Famasi ya Kihonda inayouliza "sugu kwa maana gani?" kabla ya kufungua kabati

Katika famasi ninayoiandikia maoni haya, iliyoko Kihonda mjini Morogoro, mteja anayefika dirishani na kuomba dawa ya "UTI sugu" (UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo) hakabidhiwi boksi la azuma, dawa ya kuua bakteria. Kwanza huulizwa neno sugu amelipata kwa nani na analitumia kwa maana gani: ni ugonjwa uliopona kisha ukarudi, ni maumivu ambayo hayajawahi kukoma, au ni maabara iliyoandika kwamba vimelea vyake havisikii tena dawa fulani? Kila jibu lina njia yake, na ni moja tu kati ya hayo matatu linaloweza kuhalalisha dawa yenye nguvu zaidi. Nimekuwa nikinunua hapo vidonge vya presha vya mama yangu, pamoja na dawa za watoto zinapohitajika, na kwa maoni yangu kazi hiyo ya kuliweka neno moja mahali pake ndiyo huduma bora kuliko zote zinazotolewa na duka hilo. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sikuomba ruhusa ya wenyewe.

Ili thamani ya huduma hiyo ieleweke, yafaa kwanza tukubali kwamba neno lenyewe ni zito kuliko linavyosikika. Sugu ya asili ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: ile ya kiganja cha mkulima kwa mpini wa jembe, ya mvuvi kwa kasia, ya paji la uso la mtu aliyesujudu miaka mingi. Kutoka hapo neno likahamia kwenye tabia, tukapata mwizi sugu, mvutaji sigara sugu na wale wadaiwa sugu ambao taasisi za mikopo hutishia kutangaza majina yao. Wapo wanaolivaa kwa fahari, kama Joseph Mbilinyi, msanii wa hip hop na mbunge wa zamani wa Mbeya Mjini, ambaye nchi nzima humwita Sugu. Lakini mara nyingi zaidi neno hilo humlaumu mtu kwamba ameonywa, ameadhibiwa, na bado hakusikia. Lawama hiyo huingia nalo hadi hospitalini, na mgonjwa huisikia hata pale ambapo mganga hakuikusudia.

Hospitalini limepewa kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kueleza muda: magonjwa sugu ni yale yanayokaa na mtu kwa miaka, kama kisukari, shinikizo la damu, pumu na selimundu, na kinyume chake ni ugonjwa wa ghafla, unaokuja kwa kishindo na kuondoka. Ya pili ni kueleza uhusiano kati ya kimelea na dawa: kifua kikuu sugu, kisonono sugu, bakteria sugu, yaani vimelea vilivyokuwa vikifa kwa dawa fulani na sasa vinaendelea kuishi ingawa dawa imemezwa ipasavyo. Kinyume chake hapa si ugonjwa wa ghafla. Ni ugonjwa unaosikia dawa. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa sugu kwa maana ya kwanza huku dawa ikimfaa kila siku ya maisha yake, na mwingine akawa na maambukizi ya siku 3 tu ambayo tayari ni sugu kwa maana ya pili. Redio na magazeti, ya Tanzania na ya Kenya pia, hutumia maana zote mbili, wakati mwingine katika habari moja, na msikilizaji huachiwa kazi ya kubahatisha.

Juu ya maana hizo mbili kuna ya tatu, ile ya vibao vya barabarani na vipaza sauti vya stendi. Huko kila kitu ni sugu: UTI sugu, fangasi sugu, vidonda vya tumbo sugu, PID sugu (maambukizi ya viungo vya uzazi vya mwanamke), malaria sugu, hata chunusi sugu. Neno halielezi tena muda wala vimelea. Linaeleza uchovu wa mgonjwa, kwamba amehangaika, ametumia fedha na bado anaumwa. Uchovu huo ni wa kweli na unastahili kusikilizwa, lakini haumwelekezi mtu kwenye dawa yoyote, na kwa sababu hiyo ndiyo unaowafaa wauzaji wasio waadilifu, ambao humwambia mteja kwamba kama ugonjwa wake ni sugu basi anahitaji dawa kali, na dawa kali ni hii hapa.

Nilikuwa kwenye foleni siku ambayo mteja mmoja alieleza hali yake kwa maneno hayohayo ya vibao. Sitaeleza alikuwa nani wala alifananaje, na kwamba niliweza kusikia yote ni jambo nitakalolilalamikia baadaye. Mfamasia alimsalimu, akamwita dada, kisha akauliza maswali kwa utaratibu ambao nimeuona ukirudiwa kwa wengine: hali hii imekupata mara ngapi tangu mwaka jana, kati ya mara moja na nyingine ulikuwa mzima kabisa au la, ulipima nini, ulipewa dawa gani, na uliimaliza? Jibu likawa kwamba alipimwa mkojo wa kawaida tu, akapewa dawa mbalimbali na maduka mbalimbali, nyingine akaziacha alipopata nafuu.

"Basi dada, bado hatujui kama ni sugu," mfamasia alisema. "Tunajua inajirudia. Hayo ni mambo mawili."

Maelezo yaliyofuata yalikuwa mafupi na sahihi. Kipimo cha kawaida cha mkojo, kile cha karatasi inayobadilika rangi au cha kuangalia kwa hadubini, huonyesha dalili kwamba huenda kuna maambukizi, kwa mfano chembe nyeupe za damu, lakini hakitaji jina la bakteria wala hakisemi dawa ipi itamuua. Kinachojibu hayo ni kuotesha. Mgonjwa hutoa mkojo wa katikati, baada ya kuacha ule wa mwanzo upite, kwenye chombo kisafi kutoka maabara. Mkojo hupakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, nao huachwa waote kwa muda wa karibu siku nzima. Wakiota, hutambuliwa, na mara nyingi katika njia ya mkojo huwa ni Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo wetu aliyepotea njia. Kisha hupandwa upya na kuwekewa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti. Pale ambapo dawa inafanya kazi, huonekana duara tupu ambalo bakteria hawakuthubutu kulikaribia, na pale ambapo haifanyi kazi bakteria huota hadi ukingoni mwa karatasi. Majibu kwa kawaida hupatikana baada ya siku 2 au 3, na hurudi yakiwa na orodha ya dawa, mbele ya kila moja herufi S (dawa inafanya kazi), I (iko kati) au R (haifanyi kazi). Mfamasia aliichora orodha ya namna hiyo nyuma ya bahasha ya dawa na kuizungushia herufi R. Hapo, alisema, ndipo tutakapoandika sugu, tena sugu kwa dawa hii na si kwa ile.

Naona hapo ndipo ubora wa huduma ulipo, na ningependa kila muuza dawa aige. Sugu kwa maana hii haisimami peke yake. Lazima iwe sugu kwa kitu. Bakteria anaweza kuwa sugu kwa amoksilini na akafa kwa nitrofurantoini, dawa ya zamani ambayo bado ni tegemeo katika maambukizi ya kibofu. Yule anayesema tu "UTI yako ni sugu" bila kutaja dawa hajasema jambo linaloweza kufanyiwa kazi. Isitoshe, kuwaka wakati wa kukojoa kunaweza kutokana na fangasi au magonjwa ya ngono, na hapo hata kuotesha mkojo hakutatosha, wala azuma, ambayo si dawa inayotegemewa kwa maambukizi ya kawaida ya kibofu, haitamsaidia mtu kwa kuwa tu ni ya bei zaidi. Na neno la kujirudia nalo lina kipimo chake kitabibu: maambukizi 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au 3 au zaidi ndani ya mwaka. Mtu wa aina hiyo anahitaji daktari achunguze kwa nini yanarudi, kama ni kisukari, mawe kwenye figo, au sababu nyingine. Mteja yule aliondoka na barua fupi ya kumpeleka maabara, bila dawa ya kuua bakteria. Duka lilipoteza mauzo ya siku hiyo, na ni haki nikiri kwamba si wafanyabiashara wengi wangekubali.

Kuhusu kifua kikuu duka lina msimamo mfupi zaidi, nao ni mzuri. Anayeomba dawa ya kikohozi kilichozidi wiki 2 huelekezwa kituo cha afya akapimwe makohozi, kwa kuwa dawa za kifua kikuu hutolewa bure na serikali. Nilisikia pia likisahihishwa wazo ambalo limewaumiza wagonjwa wengi, kwamba mwenye kifua kikuu sugu lazima alikuwa mkaidi wa dawa. Kukatiza dozi kweli huzalisha usugu, kwa sababu bakteria wanaobaki ni wale walioweza kustahimili. Hata hivyo mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja anaweza kuambukizwa moja kwa moja bakteria ambao tayari ni sugu, kwa kuvuta tu hewa aliyokoholea mwingine. Aliye sugu ni bakteria, ambaye rifampisini na isoniazidi, dawa mbili kuu za tiba ya kawaida ya miezi 6, hazimuui tena. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilipoanza kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo mwaka 2009, safari ya dawa ilikuwa ndefu na yenye sindano za kila siku. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wengi wao, mchanganyiko wa dawa 4 za kumeza kwa miezi 6. Anayesikia "sugu" akaelewa "haiponi" amenyimwa habari hiyo njema.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mama yangu anatumia dawa za presha. Katika kliniki moja, ambayo sitaitaja, aliambiwa na mhudumu kwamba presha yake ni ugonjwa sugu. Mhudumu alisema alichofundishwa, kwa maana ya muda. Mama, ambaye maisha yake yote neno sugu limekuwa la mtu au kitu kisichosikia, alielewa kwamba presha yake imekataa dawa, akaona hakuna sababu ya kuendelea kununua kitu kilichoshindwa. Aliacha kumeza, tena kwa utulivu na bila kumwambia mtu, kwa kuwa hakutaka kutugharimu. Tulikuja kugundua kwa sababu mfamasia wa duka hili aliona kwamba tarehe ya kuchukua dawa imepita, akaniuliza, na nilipomleta mama akamkalisha kwenye benchi na kumpima.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alimwambia hivi: "Mama, presha yako ni ya kudumu, maana yake utakaa nayo kama unavyokaa na miwani yako. Lakini inasikia dawa. Ulipokuwa unameza ilishuka, umeacha imepanda. Hiyo si sugu."

Maneno hayo yalifanya kile ambacho vipeperushi vyote vya kliniki havikufanya. Nilipomuuliza mfamasia baadaye, alinieleza kwamba presha iliyo sugu kwa dawa ipo kweli, nayo ina masharti: mgonjwa awe anatumia dawa za aina 3 tofauti kwa dozi ya kutosha, mojawapo ikiwa ya kukojoza, na bado presha haijafika inapotakiwa. Kabla ya kumpa mtu jina hilo ni lazima kuhakikisha kwamba anazimeza kweli, kwamba kipimo kimepimwa vizuri kwa mkono uliotulia na mkanda unaomtosha, na kwamba hakuna dawa nyingine, kama zile za maumivu za jamii ya diklofenaki, inayoipandisha. Mama hakuwa hata karibu na hali hiyo. Tangu siku ile anameza, na daftari lake la vipimo linaonyesha hivyo.

Kanuni ya duka, kama nilivyoielewa, ni hii: ugonjwa wa maisha huitwa wa kudumu, unaokwenda na kurudi huitwa unaojirudia, na sugu huwekewa vimelea au hali iliyothibitika kushinda dawa iliyotajwa kwa jina. Najua kamusi na wizara hazijaligawa neno hivyo, na hakuna duka linaloweza kuzuia watu kusema magonjwa sugu wakimaanisha kisukari. Serikali yenyewe imechagua jina la usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, na kwa jina hilo kila kitu kiko wazi, kwa kuwa limetaja nani amekuwa sugu na dhidi ya nini. Lakini watu hawasemi UVIDA dirishani. Wanasema sugu, na ni dirishani ambapo dawa inatoka.

Umuhimu wake si wa kitabuni. Sisi tulioishi hapa tunakumbuka klorokwini, chungu kupita kiasi na yenye kuwasha mwili mzima, ambayo Tanzania iliiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeishinda, kisha baada ya miaka michache tukaingia kwenye dawa mseto. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba kutumia dozi pungufu kutawafundisha bakteria kuistahimili. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. Huku mtaani kwetu bado kuna maduka yanayokata amoksilini nusu dozi kwa sababu mteja ana hela ya nusu, ingawa sheria inataka dawa nyingi za aina hiyo zitoke kwa cheti cha daktari. Duka hili halikati. Kama fedha haitoshi, huweka dozi kando hadi jioni, au humweleza mteja kama kweli anaihitaji, na mara nyingi, kwa mafua ya mtoto, haihitajiki.

Kasoro zipo na baadhi si ndogo. Kubwa ni faragha. Dirisha ni moja, benchi la kusubiri liko hatua chache kutoka hapo, na maswali mazuri niliyoyasifu huulizwa mbele ya majirani. Mwanamke anayeulizwa ameumwa njia ya mkojo mara ngapi ana haki ya kujibu bila hadhira, na nina hakika wapo waliodanganya au kuondoka kwa sababu hiyo tu. Kipo chumba cha nyuma chenye maboksi. Meza ndogo na viti viwili vingetosha kukigeuza kuwa sehemu ya mazungumzo.

Kasoro ya pili ni kwamba huduma hii imemkalia mtu mmoja. Jioni na Jumapili wanapokuwapo vijana wasaidizi, maswali hupungua, na nimeshuhudia "UTI sugu" ikipokelewa kama ilivyosemwa na kujibiwa kwa sipro, dawa nyingine ya kuua bakteria, papo hapo. Hawana ubaya, ni vijana wenye adabu na wepesi, ila hawajafundishwa kuuliza. Tatu, bango walilobandika ukutani linaisaliti kanuni yao wenyewe: juu limeandikwa "Tunapima magonjwa sugu: presha, sukari," na chini yake "Maliza dozi, epuka magonjwa sugu." Msomaji makini atajiuliza kama kumaliza dozi kunazuia kisukari. Mstari wa juu ungesema magonjwa ya kudumu, na wa chini vimelea sugu, na bango lingefaa.

Gharama nayo iko hivi: ushauri haulipiwi, dawa za presha zinauzwa kwa bei isiyotofautiana sana na ya maduka mengine ya Kihonda, lakini maabara wanayoelekeza ni ya binafsi, na kuotesha mkojo ni ghali kuliko kipimo cha kawaida. Kwa mwenye bima si tatizo. Kwa asiye nayo, ni vizuri aombe kuelekezwa hospitali ya serikali, jambo ambalo wanalifanya ukiuliza, lakini wangepaswa kulitaja wenyewe.

Ninalipendekeza duka hili, hasa kwa mwenye dawa za kila siku na kwa yeyote aliyezungushwa na tatizo linalorudi. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, muulizie mfamasia mwenyewe, na ubebe maboksi au majina ya dawa zote ulizotumia pamoja na karatasi za maabara kama unazo, kwa sababu bila hizo maswali yake hayatafika mbali. Ukiambiwa popote kwamba ugonjwa wako ni sugu, mpelekee na neno hilo.